Msiandike "kelele", andikeni mlio

Kilichonitibua ni kijitabu cha pampu ya maji, zile ndogo za petroli ambazo ukipita Ilula msimu wa nyanya unazisikia kila bonde. Kina safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Kwenye ukurasa wa hitilafu, safu ya kushoto ina maneno manne: surging, sputtering, pinging, knocking. Safu ya kulia inasema kitu kimoja mara nne: "kelele isiyo ya kawaida, muone fundi".

Mkulima anayesoma upande wa kulia amepewa jina moja kwa magonjwa manne. La kwanza hutibika kwa uzi mmoja wa waya na dakika chache. La nne, ukilipuuza ukaendelea kumwagilia, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) inakatika na kutoboa bloku, na hapo umebaki na chuma chakavu. Aliyetafsiri amefuta tofauti hiyo, na mimi naona amemdhuru msomaji wake.

Maneno ya Kiingereza ya milio ya injini ndogo si mapambo. Mengine yameazimwa kwingine: purr ni ya paka, whine ni ya mbwa anayelialia, cough ni ya mtu mwenye kifua. Lakini yapo yaliyoigwa kutoka kwenye injini yenyewe, kama putt-putt, chug na vroom, na haya ukiyachunguza utakuta yamebeba kipimo. Anayesema putt-putt amekwambia injini ni ndogo, inakwenda polepole, na huenda ina silinda moja. Anayesema vroom amekwambia mtu amevuta mafuta na mizunguko imepanda ghafla. Hakuna fundi Mwingereza anayeyachanganya hayo mawili.

Sababu iko kwenye hesabu, na hapa naomba uvumilivu. Injini ya mapigo manne yenye silinda moja huwaka mara moja kila mizunguko miwili. Chukua mizunguko kwa dakika, gawa kwa 120, unapata milipuko kwa sekunde. Mashine za kusaga za zamani za aina ya Lister, zenye flaiwili (magurudumu mazito ya chuma) mbili kubwa, hukimbia mizunguko 650. Hiyo ni milipuko mitano na ushee kwa sekunde, na mtoto anaweza kuipigia makofi. Ndiyo maana mdomo wa kila taifa ukiiga mashine ya namna hiyo hutoa silabi zilizotengana: tuk, tuk, tuk. Sikio la binadamu hutenganisha mapigo mpaka kwenye 16 au 20 hivi kwa sekunde. Yakizidi hapo yanaungana, na unachosikia si mapigo tena, ni sauti moja ndefu.

Sasa twende Usangu kwenye mashamba ya mpunga. Pawatila ya dizeli yenye silinda moja ikifika mizunguko 2,200 inawaka mara 18 kwa sekunde. Iko mpakani kabisa, si tuk-tuk tena na bado haijawa uuu. Ukimwambia kijana wa Igurusi aiige, atatetemesha ulimi: trrrrr. Na yuko sahihi kuliko anavyojua, kwa sababu ulimi ukitetema kwenye r hugonga kati ya mara 20 na 30 kwa sekunde. Pikipiki ya mizunguko 3,000 inawaka mara 25. Mtu anayesema brrrr kwa r yetu ya kutetemesha ameizalisha injini mdomoni karibu kwa kasi yake halisi. Waingereza wengi wa leo hawatetemeshi r, kwa hiyo hata vroom yao inategemea zaidi ile irabu. Lugha iliyo tayari kwa kazi hii ni yetu, halafu sisi ndio tunaoandika "kelele".

Chensoo, yaani msumeno wa injini, iko mbali zaidi. Ni ya mapigo mawili, huwaka kila mzunguko, na ikifunguliwa yote bila mzigo nyingi hufika mizunguko 12,000, yaani mara 200 kwa sekunde. Hapo hakuna silabi wala r, ni ziiii tu. Na hapa ndipo neno sahihi linaokoa pesa. Wapasuaji wa misonobari wa Mafinga na Makete hurekebisha kabureta kwa sikio, na wanachosikiliza ni kitu kimoja: chensoo yenye mafuta ya kutosha, ikifunguliwa yote bila kugusa gogo, haitoi ziiii safi. Inakwaruza kidogo, brrr-ba-ba-brrr, kwa sababu mchanganyiko wa mafuta na hewa ni mzito, mafuta ni mengi, na baadhi ya mizunguko inapita bila kuwaka. Mnyororo ukiingia kwenye mti, mzigo unaisafisha na ziiii inatokea. Waingereza huita mkwaruzo huo four-stroking, maana mapigo mawili yanasikika kama manne. Kijitabu cha Kiswahili kikiuita kelele isiyo ya kawaida, msomaji atakaza skrubu ya H, ile ya mafuta ya mwendo wa juu, mpaka mkwaruzo uishe, na atakuwa ameondoa mafuta ambayo ndiyo yanayobeba oili ya kulainisha pistoni. Chensoo italia vizuri sana, nyembamba na kali, kisha pistoni itakwaruzana na silinda na kukamata.

Kazi yenyewe si ngumu. Anza na chujio safi la hewa na injini ya moto. Mchanganyiko wa petroli na oili uwe ule uliotajwa na mtengenezaji. Kwa 50 kwa 1, lita 1 ya petroli inapokea mililita 20 za oili ya mapigo mawili. Kaza H na L (skrubu ya mafuta ya mwendo wa chini) taratibu hadi zigote bila kulazimisha, kisha fungua mzunguko mmoja kila moja kama kitabu cha mashine yako hakisemi vingine. Weka L mpaka ikubali mafuta bila kusita. Kisha fungua mafuta yote kwa sekunde chache na usikilize. Ukisikia ziiii tupu kabla ya kugusa mti, achia mara moja na ufungue H robo ya nusu mzunguko. Ukisikia bo-bo-bo nzito na moshi hata ndani ya gogo, umezidisha; kaza kidogo.

Na kwetu huku milimani suala hili lina uzito wake. Hewa hupungua takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Kutoka Kyela, pembeni ya Ziwa Nyasa kwenye mita 500 hivi, hadi Kitulo kwenye mita 2,600, injini imepoteza karibu sehemu moja ya tano ya hewa yake huku kabureta ikimimina petroli karibu ileile. Inakuwa nzito: bo-bo-bo, plagi nyeusi, haina nguvu. Hilo linaudhi tu. Hatari iko kwenye safari ya kurudi. Chensoo iliyorekebishwa Makete ikalia ziiii nzuri kwenye baridi, ukiishusha Kyela na kuiwasha bila kugusa skrubu inakutana na hewa nyingi kuliko mafuta. Mlio unapanda, unakuwa mwembamba. Mwenye neno la mlio huo atashtuka, lakini aliyefundishwa kusikiliza "kelele" ataona mashine imechangamka.

Nirudi kwenye pampu, maana ndiyo iliyoleta haya. Surging ni pale injini inapopanda na kushuka yenyewe bila mzigo kubadilika: wuuu-wu-wuuu-wu, kama mtu anayekimbia na kusita kila hatua mbili. Gavana, kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, anafungua mafuta, injini inaruka, anafunga, inaanguka, anafungua tena. Mara nyingi mchanganyiko ni mwepesi, hewa nyingi na mafuta kidogo. Funga choki nusu, ikitulia, umethibitisha. Funga koki ya tangi, fungua bolti ya bakuli la kabureta (nyingi ni spana namba 10), mwaga maji na uchafu. Kisha chomoa jeti ndogo ya sailensa, yaani ya mwendo wa injini isipovutwa mafuta; kwenye injini nyingi za aina ya GX160 ya Honda imeshikiliwa na ile skrubu ya sailensa yenyewe. Tundu lake ni dogo kiasi kwamba chembe moja ya mchanga inaliziba. Pitisha uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme na upulize. Usitumie sindano ya chuma, inapanua tundu na utahamia kwenye tatizo la mafuta kuzidi. Bado inafanya wuuu-wu? Dondosha maji kidogo kwenye maungio ya kabureta na silinda injini ikiwa inawaka. Mlio ukibadilika papo hapo, gaskiti inavuta hewa.

Sputtering ni pu-pu… pu… pu-pu, mapigo yanayokosekana. Mafundi wetu husema inamisi. Anza na plagi, pengo milimita 0.7 hadi 0.8 kwa pampu hizo, kisha maji kwenye petroli. Pinging ni ti-ti-ti kavu, kama kokoto ndani ya kopo, na hutokea injini ikiwa ya moto na imebebeshwa mzigo. Mwinuko wetu huipunguza hali hiyo, kwa hiyo ukiisikia Mbeya mjini, tafuta kaboni iliyojaa juu ya pistoni au moto unaowaka mapema. Knocking ni ngo-ngo-ngo ya chini, na unaihisi hata ukiweka kiganja kwenye bloku. Zima.

Tapeti nazo zina tik-tik-tik yao, nyepesi, upande wa juu. Kwenye injini hiyo ya pampu, ikiwa ya baridi, weka pengo la milimita 0.15 kwa vali ya kuingiza na 0.20 kwa ya kutoa.

Najua pingamizi. Mnyakyusa, Mhehe na Mbena hawataandika mlio mmoja kwa herufi zilezile, na ni kweli kwamba kipima mizunguko hakibishaniwi. Nakubali hilo, ingawa sijaona mkulima wa Chimala mwenye kipima mizunguko mfukoni. Na tofauti za herufi haziharibu kitu. Ukiandika ti-ti-ti au chi-chi-chi, msomaji anajua ni kavu na jembamba. Hatalichanganya na ngo-ngo-ngo hata siku moja, kwa sababu tanakali za sauti zetu zimejengwa hivyo: i kwa kidogo na kikali, o na u kwa kizito.

Wengine wanasema zama hizi mtu atamrekodia fundi sauti na kumtumia. Atume, lakini simu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya usemi. Hupunguza mngurumo wa chini na kufuta sauti inayojirudia bila kukoma, na hivyo ngo-ngo-ngo, ile ya hatari kuliko zote, ndiyo inayoweza kupotea kwanza. Ukirekodi, simama hatua mbili kutoka kwenye ekzosi, zungukia upande wa krenki, halafu sema kwa mdomo wako mwenyewe: mashine ni ya baridi au ya moto, ina mzigo au haina, na inalia hivi. Kama ni dizeli yenye flaiwili, kata mafuta ikiwa inazunguka. Mlio wa kugonga ukinyamaza palepale, angalia nozeli na muda wa kupuliza mafuta. Ukiendelea kusikika wakati flaiwili inapungua mwendo, tatizo ni la chuma, beringi au pini ya pistoni. Mwambie fundi na hilo pia, maana litaamua aje na boksi gani la spana.