Redio zetu zitashindana vipi na vipindi vya michezo vya Dar?

Jioni kwenye maskani za Unguja gumzo la mpira ni Simba na Yanga, na mara nyingi linachochewa na redio ya Dar es Salaam. Sports Extra ya Clouds FM na Sports HQ ya EFM zimejijengea ubabe ambao redio ndogo ya Zanzibar inauhisi kila inapomfuata mdhamini. Redio nyingi za hapa zimejibu kwa kuiga: wachambuzi watatu mezani, usajili wa Simba, kikosi cha Yanga, simu za wasikilizaji. Naamini njia hiyo haitatufikisha, ingawa walioishika wana hoja nzito.

Kwanza, mapenzi ya watu ni ya kweli. Shabiki wa Yanga aliyeko Wete hakulazimishwa na mtu. Tarehe 25 Mei 2025 Simba walicheza na RS Berkane hapa New Amaan Complex, mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na redio ya Zanzibar ambayo ingenyamaza siku ile ingekuwa imewatupa watu wake.

Pili ni pesa, na hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Utalii ndio unaobeba uchumi wetu, lakini hoteli ya Nungwi au Paje inatafuta wageni Ulaya. Tangazo la redio ya Kiswahili halimletei mgeni hata mmoja. Wanabaki benki, kampuni za simu na taasisi za serikali, na huko unaikuta ZBC, shirika la utangazaji la serikali, imeshatangulia. Mdhamini anataka masikio mengi, nayo yako kwa Simba na Yanga. Tena kumpeleka mtangazaji uwanja wa Gombani kule Pemba kunataka nauli ya boti, pa kulala na posho, wakati uchambuzi wa studio unataka kiti na maikrofoni.

Hesabu hiyo siipingi. Lakini redio ya Dar ina mwandishi mazoezini na namba za simu za mawakala wa wachezaji. Sisi tunasoma jioni kile ambacho msikilizaji alishakiona kwenye simu yake asubuhi. Kwa nini awaache wao atusikilize sisi?

Hata Clouds hawakupanda kwa klabu kubwa peke yake. Ndondo Cup, mashindano ya mitaani ya Dar yanayofahamika sana kwa jina la mtangazaji wa michezo Shaffih Dauda, yaliwafanya vijana wa uswahilini wasikie majina yao redioni. Sisi tuna klabu ya Mlandege, waliochukua Kombe la Mapinduzi 2023, wakalirudia 2024 kwa kuifunga Simba 1-0 katika fainali. Tuna Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, walioichapa Burkina Faso 2-1 pale Gombani Januari 2025. Pemba kuna mchezo wa ng'ombe, pwani kuna resi za ngalawa, na hakuna redio ya Dar itakayovitangaza kwa ujuzi wa mwenyeji.

Nitaambiwa kwamba majukwaa ya ligi yetu mara nyingi ni matupu, basi nani atasikiliza mechi asiyokwenda kuiangalia? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba mtu hawezi kumfuata mchezaji asiyemjua, na kumjulisha ni kazi ya redio.

Habari za Simba na Yanga zibaki, nusu saa inatosha. Gharama nazo zinapunguzika. Redio moja ya Pemba na moja ya Unguja zikubaliane: ya Pemba itangaze moja kwa moja kutoka Gombani, ya Unguja kutoka viwanja vya Amaan au Mao Zedong, kila moja irushe matangazo ya mwenzake. Mtangazaji havuki bahari, na mdhamini anauziwa visiwa viwili kwa mkataba mmoja. Ligi ijayo ndiyo ya kuanzia, kwa mechi moja kila wiki.