Mtu wa Dar es Salaam Aliyefia Sachsenhausen

Ni mwaka wa tisa sasa tangu nihamie Berlin kutoka Dar es Salaam, na kila mgeni anayenifikia kutoka nyumbani ninampeleka kwanza Oranienburg, kaskazini mwa jiji, mahali ambapo mwaka 1936 Wanazi walijenga kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Zaidi ya watu 200,000 walifungwa humo hadi mwaka 1945: wapinzani wa serikali, Wayahudi, Wasinti na Waroma (jamii za wachache za Ulaya ambazo Wanazi waliziwinda kama Wayahudi), na mateka wa vita wa Kisovieti, ambao zaidi ya 10,000 miongoni mwao walipigwa risasi mwaka 1941.

Banda namba 38 ndilo linaloniumiza zaidi. Humo walilazwa wafungwa wa Kiyahudi, na mwaka 1992 wafuasi wa itikadi ya Kinazi walilitia moto pamoja na jirani yake, namba 39. Wahifadhi wangeweza kulipaka rangi mpya yakaisha. Badala yake, walipolijenga upya waliacha sehemu iliyoungua ionekane, na hadi leo unaona nyuma ya kioo rangi iliyovimba na kujikunja kama ngozi iliyobabuka. Mwanafunzi anayeletwa hapo haambiwi tu kwamba chuki ilikuwepo zamani. Anaonyeshwa mahali iliporudi miaka 47 baada ya kambi kukombolewa.

Katika kambi hiyo ndimo alimofia Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akapigana katika jeshi la Kijerumani angali mtoto, kisha akahamia Berlin mwaka 1929, ambako alifanya kazi ya kuhudumia wateja mezani na kufundisha Kiswahili. Mwaka 1941 alikamatwa akituhumiwa kuchafua damu kwa uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani, na akafariki tarehe 24 Novemba 1944. Katika mtaa wa Brunnenstraße, tangu mwaka 2007, kuna kibati cha shaba chenye jina lake kilichopachikwa njiani, upana wake kama kiganja. Kila Novemba ninakwenda kukisugua.

Jina hilo sikulisikia katika darasa lolote la nyumbani, na ndiyo maana sikubaliani na ndugu zangu wanaosema kwamba Holokosti, yaani mauaji ya halaiki ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, ni habari ya Wazungu, sisi tuna yetu. Ni kweli tunayo: Songea, kusini mwa Tanzania, ambako Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wao, pana makumbusho na kaburi la halaiki, na kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka. Lakini shuleni tulikariri sababu na matokeo ya vita hivyo kwa ajili ya mtihani, wala hakuna aliyetusimamisha mbele ya kaburi lile akatuuliza tunaona nini. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipoomba msamaha huko Songea mwaka 2023, nilijiuliza ni wangapi katika rika langu wangeweza kutaja hata majina matatu ya walionyongwa.

Mgeni wangu wa mwisho alikuwa mwalimu wa historia. Alichuchumaa pale Brunnenstraße, akasoma jina la Husen kwa sauti, kisha akaniomba nikipige picha kile kibati peke yake, akawaonyeshe wanafunzi wake.