Maombi Yasiyotufikisha kwa Ndugu

Kuna sala ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye kikundi cha maombi ameisikia. Mtu anasimama, anafumba macho, sauti inapanda: "Bwana, wapo kati yetu wanaolivuruga kundi lako kwa ulimi. Shughulika nao, Baba!" Watu wote wanajua anasemwa nani. Mwenyewe anajua. Ameinamisha kichwa, vidole vimeng'ang'ania kiti kilicho mbele yake, na amina inapoitikiwa midomo yake haifunguki. Kikao kinafungwa kwa wimbo, watu wanapeana mikono, na wale wawili wanapishana mlangoni kila mmoja akiangalia simu yake.

Kile ni kijembe, hata kama kimesemwa kwa macho yaliyofumbwa. Linaloniuma zaidi ni kwamba kikundi kinachovumilia vijembe vya namna hiyo mara nyingi ndicho kinachofunga na kukesha kuliko vingine. Sisi waumini tumejifunza kuomba kwa muda mrefu bila kuzungumza na tuliyekosana naye. Tunasema "nimemwachia Mungu", "nimeshamsamehe mbele za Bwana", na huku tukimwona kwa mbali tunabadilisha njia. Kwa maoni yangu, maombi ya jumuiya yamegeuka kwa wengi kuwa mahali pa kumkwepa ndugu, wakati Maandiko yanayatumia kutusukuma tumwendee.

Tazama agizo la Mathayo 5:23-24. Mtu amekwisha kufika madhabahuni na sadaka yake mkononi, ndipo anakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anaambiwa aiache sadaka pale pale, aende akapatane kwanza, kisha arudi. Tunalisoma haraka kana kwamba ndugu huyo amekaa benchi la nyuma. Waliolisikia mara ya kwanza walikuwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Kuacha sadaka, kurudi nyumbani kumtafuta mtu, kisha kupanda tena kwenda hekaluni! Yesu alijua umbali huo, maana aliutembea mwenyewe. Hata hivyo hakusema, "toa kwanza kwa kuwa umeshafika."

Kisha soma Marko 11:25. Pale hali imegeuzwa: unasimama kusali, na safari hii wewe ndiwe mwenye neno juu ya mtu. Unaambiwa usamehe. Ukiziweka aya hizi mbili pamoja, ule msemo wetu wa "yeye ndiye aliyenikosea, aje yeye" unakosa pa kusimama. Aliyekosa akikumbuka, aende. Aliyekosewa akikumbuka, asamehe. Aliye katika maombi ndiye wa kwanza kuchukua hatua, awe upande gani wa ugomvi.

Na ule mstari tunaoupenda mno watu wakiwa wachache, "walipo wawili watatu", umetoka wapi? Ni Mathayo 18:20. Siku ya mvua, viti vitupu, kiongozi anautamka kutufariji, na faraja hiyo ni ya kweli. Lakini rudi nyuma kidogo: kuanzia aya ya 15 Yesu anaeleza la kufanya ndugu akikukosa, kwamba umwendee mkiwa wawili tu, akikataa uchukue mmoja au wawili wengine, akikataa tena ulipeleke jambo kwa kanisa. Mara tu baada ya aya ya 20 Petro anauliza asamehe mara ngapi, naye anajibiwa saba mara sabini. Ahadi ya Bwana kuwa katikati yetu imewekwa kati ya kuonyana na kusameheana. Wale wawili watatu wanaotajwa hapo ni pamoja na watu waliokaa chini kuyamaliza. Nikikifikiria kikao cha namna hiyo, kizito, watu hawajui waanzie wapi, najua ni hapo hasa tunapouhitaji uwepo wake kuliko katika mkesha wowote.

Waliowahi kuishi pamoja kwa ajili ya sala walilielewa jambo hili mapema. Benedikto wa Nursia, aliyewaandikia watawa kanuni katika karne ya 6, alijua kwamba watu wanaosali pamoja mara nyingi kwa siku, wakila na kufanya kazi pamoja, watakwaruzana. Katika sura ya 13 ya kanuni hiyo aliagiza kwamba sala za asubuhi na za jioni zisimalizike bila mkuu kuisali Sala ya Bwana yote kwa sauti, kila mtu aisikie. Sababu aliitaja waziwazi: miiba ya makwazo huota kati ya ndugu, na wakisema "utusamehe kama nasi tunavyosamehe" wanajifunga kwa ahadi, na ahadi hiyo iwasafishe. Katika vipindi vingine ni mwisho tu wa sala uliosemwa kwa sauti. Yaani asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, mtawa aliisikia ahadi yake akiwa amesimama karibu na yule aliyemuudhi. Sisi tunaisali sala hiyohiyo kwa kasi, akili ikiwa kwenye tangazo linalofuata. Tena ni katika sala hiyo tu Yesu alipomaliza kufundisha akarudi kwenye ombi moja na kulifafanua, nalo ni hilo la msamaha (Mathayo 6:14-15). Mkate hakuurudia.

Dietrich Bonhoeffer naye, mchungaji wa Kijerumani, alipokuwa akiwaandaa wachungaji kule Finkenwalde kati ya 1935 na 1937, kabla serikali ya Hitler haijakifunga chuo, aliweka sheria ndogo: hakuna kumsema mwenzako asipokuwepo, na ukiteleza ukamsema, umwendee umweleze. Hebu fikiria sheria hiyo ikipitishwa katika kwaya zetu. Ninaamini nusu ya "maombi ya siri" tunayoombana yangekoma, yale ya "tumwombee fulani, nyumbani kwake mambo si mazuri", yanayoanza kwa huruma na kuishia kwa habari za ndani za watu.

Sasa niseme lile ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Msamaha umetumiwa vibaya sana katika jumuiya za waumini. Mwanamke anayepigwa anaambiwa asamehe na kuomba zaidi. Mtoto aliyeharibiwa na mtu mzima anayeheshimika anaitwa mbele ya wazee, anaambiwa amsamehe, na jambo linafungwa kwa sala. Huo ni uonevu wa pili, na wanaoufanya wakiwa na Biblia mkononi watajibu mbele za Mungu. Mathayo 18 yenyewe inaanza kwa kumwambia mkosaji kosa lake, na ina hatua ya kumweka nje asiyesikia. Aliyevunja sheria ya nchi apelekwe kwenye vyombo vya sheria, na aliyeumizwa alindwe kwanza. Msamaha wake, ukija, uje kwa wakati wake, bila kulazimishwa na mtu anayetaka mkutano uendelee.

Hata katika makosa madogo, kusamehe na kuamini tena haviendi kwa mwendo mmoja. Mtunza hazina aliyekula fedha za kikundi anaweza kusamehewa leo, akaketi nasi, akaongoza wimbo, na bado sanduku likashikwa na mwingine. Anayelia kwamba "hamjanisamehe" kwa sababu hajarudishiwa ufunguo anaulilia ufunguo.

Yapo pia mapatano yasiyowezekana. Uliyekosana naye amekufa, au amehama na hataki kupokea simu yako, au kumkaribia ni hatari. Paulo aliliona hilo, akaandika katika Warumi 12:18 kwamba ikiwezekana, kwa upande wetu, tukae kwa amani na watu wote. Hapo ndipo "nimemwachia Mungu" linakuwa neno la kweli, maana mlango umejaribiwa. Kumtaja mtu huyo kwa jina katika sala na kumtakia mema, siku ambazo moyo hautaki kabisa, ni kazi ngumu, na jumuiya inapaswa kumsaidia anayeifanya badala ya kumuuliza kila mara kama bado hajasahau.

Ninachowaomba viongozi wa vikundi ni jambo dogo. Kabla ya kutangaza wiki ya kufunga, ulizeni: kuna watu hapa hawasemezani? Mara nyingi jibu mnalo tayari. Waamishi wa Marekani, Wakristo wanaoishi katika jumuiya zao kwa desturi za kale, hushiriki Meza ya Bwana mara mbili kwa mwaka, na majuma mawili hivi kabla yake hukutana kuhakikisha kwamba kuna amani. Isipokuwepo, ushirika unaweza kuahirishwa. Watu walewale, Oktoba 2006, baada ya mtu kuwapiga risasi watoto wao shuleni huko Nickel Mines na kuwaua wasichana watano, walikwenda kuifariji familia ya muuaji, na baadhi yao walihudhuria mazishi yake. Msamaha wa namna ile haukubuniwa siku ile.

Kwa hiyo ahirisheni mfungo kwa juma moja kama kuna wawili wanaonuniana. Watumeni wazee wawili wenye busara wakakae nao, kila mmoja aseme yake mpaka amalize, bila kukatizwa kwa "tuombe" pale maneno yanapoanza kuwa machungu. Sala ije mwishoni, na ikiwezekana waiombe wao wawili.