Jiko Haliharibiki, Linaharibiwa

Nani aliwaambia watu wa nyumba hii kwamba jiko la makaa huzimwa kwa maji? Nataka jina. Hata kama alishahama Nairobi, nitamfuata kwao.

Ugali ukishapakuliwa tu, kuna mkono unachota kikombe cha maji na kuyamwaga juu ya makaa mekundu. Chwaaa! Jivu linapaa hadi kwenye mashati yangu yaliyoanikwa, na mwenye mkono anaondoka akijipangusa, roho safi, kazi imeisha. Ukiuliza ni nani, nyumba nzima inageuka bubu. Hata mtoto wa shule ya chekechea, ambaye kwa kawaida hunyamaza akiwa usingizini pekee, siku hiyo hana habari.

Wacha nieleze jiko lenyewe, maana huenda ninaonewa bure na watu wasiolijua. Si lile la bati tupu la enzi za nyanya zetu, lililokuwa likipasha joto ukuta na miguu ya mpishi kabla ya kukumbuka sufuria. Hili lina bati nje na bakuli la udongo wa kuchomwa ndani. Kiuno chembamba, juu pana, chini pana, mlango mdogo wa hewa na wa kutolea jivu. Udongo uko nusu ya juu tu, umeshikizwa kwenye bati kwa saruji, na sakafu yake ina matundu. Sasa bakuli hilo limekaa na moto saa nzima, limepanuka kwa joto, halafu wewe unalimwagia maji ya baridi. Sehemu moja inajikunja, nyingine bado imetanuka. Litafanya nini kama si kupasuka?

Na halipasuki siku hiyo. Linakuwekea. Unaanza ufa usioonekana bila miwani, unatembea polepole hadi kwenye tundu la kwanza, unapumzika, unaelekea la pili. Siku wageni wamefika na kuku yuko motoni, kipande kinadondoka kwenye jivu, makaa yanakifuata, na sauti inatoka uani: “Baba Watoto! Jiko lako limeharibika!”

Jiko langu. Likipika chapati huwa la Mama Watoto. Likichoma mahindi ni la watoto. Likipasuka, mwenyewe ni mimi.

Na kulizima si elimu ya chuo kikuu. Unachukua koleo, unahamisha makaa kwenye debe lenye kifuniko kinachobana, unafunika, yanakosa hewa, yanazima. Kesho unayawasha tena. Kumbe debe nililolitenga kwa kazi hiyo limegeuzwa la kuhifadhia unga, kwa sababu, nanukuu, “lilikuwa linakaa bure.”

Ufa mdogo nauziba mwenyewe. Nachekecha jivu, nachanganya na udongo wa mfinyanzi na maji kidogo sana, nalowesha ufa kwanza ili udongo ushike, nasukumiza kwa kidole gumba mpaka ndani, nasawazisha kwa kijiko. Kisha likae kivulini likauke taratibu, siku kadhaa, halafu moto wa kwanza uwe mdogo. Hiyo ndiyo nadharia. Kwa vitendo, naliacha asubuhi chini ya ngazi likiwa na kiraka kibichi, narudi jioni nakuta githeri linatokota juu yake. Maji yaliyomo kwenye kiraka yamegeuka mvuke, mvuke umetafuta njia ya kutokea, na kiraka changu chote kiko chini kwenye jivu. Naambiwa nilitumia udongo mbaya.

Jivu nalo ni kesi nyingine. Katika nyumba hii mlango wa chini unahesabiwa kuwa pambo. Jivu linajaa, linapanda, linagusa matundu, linayaziba, halafu naitwa kuelezwa kwamba makaa ya siku hizi ni mabaya. Makaa yana kosa gani? Hewa inaingia chini na kupanda kwa matundu. Mmeziba chini, mnataka yavute pumzi kwa wapi? Hawasikii. Wanapepea kwa kifuniko cha ndoo. Wanapuliza mpaka macho yanakuwa mekundu kuliko makaa. Wakishindwa, wanatia karatasi ya nailoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya nzima mwaka 2017, lakini kwenye jiko letu haijawahi kukosekana. Inayeyuka, inadondoka ndani ya matundu yaleyale, inaganda. Jumapili wenzangu wakitazama mpira, mimi nimelipindua jiko uani, nina spoku ya baiskeli, nazibua tundu moja moja, na wapita njia wananipa pole ya msiba.

Mlango wenyewe haufungiki vizuri. Yale maji ya kuzimia yakichanganyika na jivu yanakuwa tope, tope linalala humo usiku kucha, kutu inakula bati. Na mlango usiofungika ni hasara tupu. Jiko hili lilisifiwa kwamba linapunguza makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50 ukililinganisha na la bati tupu, nami naamini. Ila sharti lake ni mlango: uwe wazi wakati wa kuwasha, maharagwe yakishachemka uufunge uache upenyo tu. Kwetu uko wazi tangu chai ya asubuhi. Na makaa tunanunua kwa mkebe. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti msituni, mwenye kibanda chetu alipandisha bei siku hiyohiyo, hata kabla ya taarifa ya habari kuisha. Mwaka 2023 marufuku ilipoondolewa, redio yake ilikuwa imeharibika.

Majirani? Tusiwasahau. Jiko letu linazunguka ploti yote kwa zamu ambayo sikuwahi kushauriwa. Lilitoka na vyuma vitatu vya kushikia sufuria, likarudi na viwili na shukrani nyingi. Sufuria ikiinama upande wa kile kisichokuwepo, mchuzi unamwagika kwenye udongo wa moto, na ufa mpya unazaliwa. Julai baridi ikizidi, shemeji anataka tulilaze chumbani liwapashe joto, madirisha yamefungwa. Hapo nilikuwa mkali kweli. Moshi wa makaa una hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Kwa nilivyolibeba jiko kulirudisha uani, naitwa bahili wa joto mpaka leo.

Bakuli lilipokatika vipande vitatu, udongo na jivu havikuweza tena. Nikaenda Kamukunji, pale nyundo zisiponyamaza kutwa, mapipa ya zamani yanakunjwa kuwa majiko, masanduku na karai. Bakuli jipya usilinunue kwa macho. Ligonge kwa kifundo cha kidole: zima hulia, lenye ufa hujibu kwa sauti ya mtu mwenye kikohozi. Fundi akang'oa la zamani, akalitia jipya na saruji, akaniambia nisiliwashe mpaka likauke. Nikacheka, hakujua kwa nini. Kwenye matatu makanga akataka nauli ya jiko. Nikalipakata mapajani kukwepa kulipa, na kila tuta lililopita nililisikia kwa magoti.

Halafu ikaja hoja ya mgongo. Mama Watoto amechoka kuinama, na kwa haki kabisa, hakuna mgongo uliotengenezwa kwa kusongea ugali chini. Basi tutengeneze stendi. Nikamwita fundi wa kuchomelea wa hapa mtaani. Akaja na tepu, akalizunguka jiko akitikisa kichwa, akaandika vipimo kwenye kiganja. Alipima wapi? Kiunoni! Ndivyo mama wa cherehani anavyopima sketi. Akaunda duara la kipimo hicho, bila hata vyuma vya kukatiza katikati. Jiko chini ni pana kuliko kiuno, kwa hiyo haliingii kwenye duara, linalikalia tu kwa juu, vile vimiguu vyake vinaning'inia nje, haviko duniani wala mbinguni.

Na stendi akaipa miguu minne. Nilimwomba mitatu, kwa sababu miguu mitatu haiyumbi hata kwenye kokoto. Akasema mitatu ni ya maskini. Wa nne ukatoka mfupi. Sasa kuna kifuniko cha soda chini yake, na juu ya kifuniko kipande cha katoni, na kila mtoto akipita anakipiga teke.

Kinachonikera ni hiki. Waliolibuni jiko hili mwanzoni mwa miaka ya 1980 walianzia kwenye jiko la ndoo la Thailand, wakalitanua chini ili lisipinduke mtu akisonga ugali kwa nguvu. Watu wazima walikaa wakaufikiria ugali wetu! Halafu sisi tumelipandisha juu ya kitu kinachotikisika kwa upepo wa mlango. Mama Watoto anasonga kwa mkono mmoja, mwingine umeshika sufuria, na mimi nimechuchumaa chini nimeshikilia mguu wa nne kwa mikono yote miwili, cheche zinanidondokea kisogoni, naulizwa kwa nini sinyooki.

Nimempigia fundi. Hakupokea. Baadaye akatuma ujumbe: “Mkubwa, nitumie mia mbili ya nauli nije niongeze huo mguu.” Anaishi nyumba ya nne kutoka hapa. Nimemtumia mia. Amejibu kwamba hiyo inamfikisha nusu ya njia.