Kabla ya taa, angalieni mpira wa friji

Mwandishi wa makala moja ya kubana umeme ametushauri tuzime taa ili luku, yaani umeme tunaolipia kabla ya kuutumia, idumu. Sawa, lakini taa siyo inayotumaliza. Balbu ya LED ya wati 9 inawaka zaidi ya saa 100 ndipo imalize uniti moja (wati 1,000 kwa saa moja). Pasi ya wati 1,000 inaimaliza kwa saa moja tu ikiwaka mfululizo! Pigeni pasi nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja.

Kwangu uniti zilikuwa zinaisha mapema mno, nikawa nawagombeza watoto bure kwa sababu ya TV. Kumbe ni friji. Fundi alibana noti ya shilingi elfu moja mlangoni, akaivuta, ikatoka bila kukwama. Mpira unaozunguka mlango ulikuwa umekakamaa na kupasuka pembeni, baridi yote inavuja, mashine hainyamazi usiku kucha. Tulibadilisha mpira, tukalisogeza friji mbali na ukuta lipate hewa, na sasa nalisikia likizima na kupumzika. Jamani, jaribuni hiyo noti leo, hasa wenye friji za mtumba.