Mzee Lazima Afe Dakika ya Kumi?

Jumamosi jioni nilimwona Bwana Heri wa Saadani akifa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mbovu, kashata mkononi hata sijaimaliza, mzee akapigwa risasi ya kifua, akaanguka, akafufuka kidogo ili aseme neno, akamshika mwanawe mkono, "Nilipizie," kisha akafa kwa mara ya pili. Nikatazama saa. Dakika ya kumi ya igizo.

Saa nzima iliyobaki ikawa ya Abdallah, yule mwanawe. Abdallah kifua wazi (Saadani, na mbu wale!), Abdallah anapiga ukelele, Abdallah anaruka juu ya madebe, Abdallah anamfyeka Mdachi, yaani Mjerumani, huku ngoma zinarindima na akina mama wamepangwa pembeni kazi yao vigelegele tu, utadhani ndani ya boma lile hakukuwa na mtu anayepika. Watu walishangilia. Jirani yangu alisimama mara tatu. Mimi pia nilipiga makofi, sikatai, maana aliyemcheza Abdallah ni mtoto wa dada yangu, na dada yangu alikaa nyuma yangu akinihesabia.

Lakini usiku sikulala. Bwana Heri hakufa, jamani! Hakufa vitani, wala hakufa mwaka ule wa 1889. Huyu mzee, mtawala wa Saadani, mwaka 1882 alikwishavitimua vikosi vya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, vilivyokwenda kumtia adabu. Kwa hiyo 1889, Wissmann, kamanda wa Wadachi, alipotua Mrima, pwani yetu hii, na askari wake wa Kisudani aliowakodi Misri na wengine kutoka Msumbiji, hakumkuta mwanagenzi. Juni, Saadani ikapigwa na kuchomwa. Bwana Heri akaiacha iungue, akaingia bara, akajenga boma Mlembule. Desemba Wadachi wakamfuata huko, wakarudi mikono mitupu. Januari 1890 Wissmann akaja mwenyewe na mizinga, boma likaanguka. Mzee hayumo, keshahamia boma jingine, Palamakaa. Machi na Palamakaa ikaanguka, mzee hayumo. Aprili, njaa imewakaba watu wake, akashuka kwa miguu yake mwenyewe akafanya amani. Na 1894 akashika silaha tena.

Na Abdallah, mwanawe, alikuwa naye katika vita hivyo.

Sasa hesabu, Juni mpaka Aprili. Miezi kumi baba na mwana wanawindwa katika nchi yao wenyewe, wanahama boma kwa boma, chakula kinapungua, na kila asubuhi kijana anaamka anataka kwenda kupigana leo hii, na kila asubuhi mzee inambidi amjibu. Hilo ndilo igizo! Dhahabu iko pale, mtu kairuka ili afike haraka kwenye madebe.

Nilimfuata mwongozaji baada ya onyesho. Kijana mstaarabu, alinipa kiti kizima. "Mzee wangu," akaniambia, "baba akibaki hai, kijana hana hasira. Na watu wamelipa kuona hasira."

Hasira! Kijana wa miaka ishirini wa Tanga unamnunulia hasira ya nini? Hasira anazo, amezaliwa nazo, amezipaka kichwani pamoja na mafuta ya nywele. Anachokosa ni mtu wa kumkalisha chini.

Niruhusuni niseme jambo moja, kwa kuwa ami yangu ametangulia mbele ya haki na mimi mwenyewe nimeota mvi, sidhani kama kuna wa kutushitaki. Mwaka 1983, mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, kipande cha sabuni kinafichwa uvunguni kama hati ya shamba, ami alikuwa na dau na lile dau lilikuwa na safari zake za Vanga, ng'ambo ya mpaka, Kenya. Samaki hawakuhusika. Nilikuwa na miaka 17, nina kifua, nina mdomo. Ami alikuwa anatafutwa: mgambo walilala barazani kwake siku mbili wakinywa kahawa ya mkewe. Kwa miezi ile hakulala nyumba moja usiku mara mbili, na kila alipohama alinichukua.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kukaa. Tuliingia kwenye hori ya mikoko upande wa Moa, maji yanakupwa, na nje tunaisikia boti ya doria inanguruma huku na huku. Boti yao ilitaka kina, sisi dau limekwisha kaa juu ya tope. Hawawezi kutufikia mpaka maji yajae, na sisi hatuwezi kutoka mpaka maji yajae. Saa sita nzima. Mbu wa mikoko mnawajua. Saa ya pili nikavua shati, nikasema nashuka, natembea mpaka kijijini, liwalo na liwe. Ami akanishika shingoni. "Tembea," akasema. "Nyayo zako zitabaki kwenye tope hili mpaka kesho, zitawaonyesha njia mpaka mlango wa bibi yako." Nikakaa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kukaa kwa sababu niliyoielewa.

Kitu cha pili kilinitoa machozi. Usiku mwingine, upepo umekufa, magunia manne ya sukari ndani ya dau, na boti ikatuona tuko peupe. Taa yao ikaanza kutuchezea usoni.

"Tosa," ami akasema.

"Ami, sukari ya watu hii!"

"Tosa, mwanangu."

Nikakalia gunia. Nikashika upondo, kwamba atakayepanda humu nampasua. Ami hakunipiga, hakunikaripia. Akasema taratibu kama mtu anayeagiza kikombe cha pili: "Utampiga wa kwanza. Wa pili atakupiga wewe. Wa tatu atachukua sukari, dau na mimi. Haya nambie, kwenye hesabu yako, sukari imebaki wapi?"

Tukatosa. Magunia manne, tukaikorogea bahari chai. Walipotufikia wakamkuta mzee na kijana na mishipi miwili mikavu, wakatutukana matusi ya nguoni, wakaenda zao. Nililia mpaka tukaona minazi ya kwetu. Wiki ya pili yake tulikuwa Vanga tena, na dau ni lile lile.

Ndiyo maana nikisoma kwamba Bwana Heri aliiacha Saadani ikaungua, mimi nasikia "Tosa." Wengine wanasikia woga. Palepale barazani kwetu, Ngamiani, nilipowasimulia Jumapili, kijana mmoja mwenye simu mbili akanikatiza: "Lakini mwisho si alisalimu amri? Abushiri hakusalimu, Abushiri akanyongwa, huyo ndiye mwanamume."

Subhanallah. Hivi tumefikia pa kumpima mtu ushujaa kwa kamba?

Simvunjii heshima Abushiri, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wadachi, na anayetaka kunisingizia hivyo aishie hapa hapa. Aliwasimamia watu waliodharauliwa mpaka ndani ya msikiti: yule afisa wa Kidachi Zelewski, tuliyemwita Nyundo, ndiye aliyeifanyia Pangani ujeuri ule Agosti 1888 (na kwa faida ya wanaopenda kujua, Nyundo huyo huyo ndiye Wahehe walimmaliza Lugalo, 1891, dunia ndogo). Boma la Abushiri karibu na Bagamoyo lilivunjwa tarehe 8 Mei 1889. Akaenda mpaka Mpwapwa kuwashambulia Wadachi huko, akarudi, akapigwa tena, watu wakamtawanyika mmoja mmoja. Wissmann akatangaza zawadi ya rupia kwa kichwa chake. Mwisho akajikuta mikononi mwa jumbe Magaya, akakabidhiwa, na tarehe 15 Desemba 1889 Pangani ikamwona akining'inia. Kila nikifika Pangani huwaza jambo moja tu: siku zile za mwisho, mtu yule alilala na nani? Ni nani alikesha yeye akifumba jicho? Aliyewindwa peke yake hana wa kumpokeza zamu, na usingizi haujui ushujaa wa mtu.

Mkwawa naye, tangu ngome yake ya Kalenga ianguke 1894 mpaka Julai 1898, karibu miaka minne porini. Huyo aandikiwe makala yake.

Kwa hiyo ninachogombea ni hiki: mzee anayewindwa ana kitu ambacho mzee aliyekufa hana. Yuko. Kesho asubuhi utamuuliza tena swali lile lile la kijinga, atakujibu tena. Atakukera. Atakuambia moshi wa jiko usitoke mchana, kuni mbichi usiguse, asiyekutazama usoni usile kwake. Atakuonyesha kwa mwili wake mwenyewe namna mtu anavyoogopa bila kutoka mbio. Kifo chake mapema kinamrahisishia kazi mtunzi tu: kijana anapata kisasi, watazamaji wanapata machozi, na mzigo wa kuandika mazungumzo ya watu wawili wenye njaa wanaopendana na kuudhiana unatuliwa chini. Uvivu huo! Halafu tunauita msisimko.

Haya, nikubali machache kabla dada yangu hajanipigia simu. Vita vya jukwaani vilichezwa vizuri. Ngoma zilikuwa kali. Jenereta walikuwa nalo la kukodi na mafuta yalikuwa ya saa moja na nusu. Na ni kweli wazee tunasema sana. Nimeandika yote haya kwa sababu ya dakika kumi.

Na la mwisho, hili linanichoma kidogo: wapo wazee ambao kweli ingekuwa afadhali igizo liwaondoe mapema. Wanaofundisha miaka thelathini na hawajampa mtu usukani hata maji yakiwa shwari. Kwenye vyama, kwenye klabu za mpira, misikitini, kwenye familia, mnawajua, msinitajie majina. Mzee wa namna hiyo naye huwa anasema "tulia, mwanangu, wakati wako unakuja," maneno yale yale ya ami, na huwezi kuwatofautisha kwa kusikiliza. Ami nilimtofautisha siku moja tu. Mwaka uliofuata, usiku, katikati ya maji, hakusema kitu, alinyanyuka tezi, akanipita, akaenda omo, akajifunika shuka akalala. Doria walikuwa bado wanamtafuta. Nikabaki na usukani mkononi, mikono inatetemeka, namsikia anakoroma. Baadaye sana nikaja kujua ami alikuwa hakoromi usingizini.

Nimemsimulia mpwa wangu habari hii juzi. Alikuja nyumbani bado ana wanja wa jukwaani machoni, akala wali wote uliobaki, akanisikiliza mpaka mwisho bila kushika simu, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha akauliza, "Mjomba, kwani sukari ilikuwa kilo ngapi kila gunia?"

"Mia."

Akanyamaza. "Mimi ningepigana," akasema.

"Najua."

Jana amenipigia. Wanarudia onyesho mwisho wa mwezi, amemshawishi mwongozaji mzee asife, apate walau sehemu moja ya kuongea na mwanawe usiku ndani ya boma. Wananiomba niende mazoezini Alhamisi niwasaidie maneno. Mwongozaji ana sharti moja: isizidi dakika tano.

Dakika tano! Ami yangu dakika tano alikuwa anazitumia kukohoa kabla hajaanza.