Picha ipi isubiri? Khanga, bando na tovuti ya duka la Ngamiani

Duka liko Ngamiani, Tanga mjini, na linauza khanga. Mwenye duka ni mama wa makamo, nasi sote tunamwita Mama tu. Alitaka tovuti yenye picha ya kila doti iliyopo rafuni, ili wateja wake wa Pangani, Muheza na Lushoto wachague wakiwa nyumbani na mzigo uwafuate kwa basi. Tulipoanza kulikuwa na khanga 64 katika ukurasa mmoja. Kila picha, hata baada ya kuipunguza, ilikuwa na uzito wa kilobaiti 150 hivi. Zidisha upate megabaiti 9.6, na zote zinalipwa na mtu aliyefungua ukurasa tu, hata kama khanga anayoitaka ni ya pili kutoka juu. Aliyejiunga na bando la siku anaiona hesabu hiyo mfukoni.

Kwa hiyo jambo la kwanza halikutugombanisha mimi na kijana ninayefanya naye kazi: picha zisubiri. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, kilete zilizo karibu na macho ya mteja, nyingine zije kadiri anavyoshuka. Tulichobishania, na bado tunabishana, ni picha zipi zisubiri, zikikwama nani azirudie, na tutajuaje kama tumempunguzia mteja mzigo au tumemwongezea adha.

Kuchelewesha picha siku hizi ni kazi ya dakika moja, na hapo ndipo mtego ulipo. Zamani ulihitaji kuandika JavaScript, maelekezo ya programu yanayoendeshwa ndani ya ukurasa, ya kuangalia mtu amefika wapi kwenye ukurasa. Tangu Chrome toleo la 76, mwaka 2019, sifa moja ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, inatosha. Firefox ikafuata mwaka 2020 na Safari mwaka 2022. Unaibandika kwenye kila picha na unaamini umeokoa bando la watu. Lakini kivinjari hakingoji mpaka picha iingie kwenye kioo. Chrome huanza kuivuta ikiwa bado iko pikseli (nukta za kioo) 1,250 chini ya kioo kwa mtandao wa 4G, na pikseli 2,500 kwa mtandao wa polepole zaidi, ili mtu asikute nafasi tupu. Ni uamuzi wa busara, ila una bei yake. Chukua simu yenye kioo cha urefu wa pikseli 800, khanga mbili mbili kwa mstari, kila mstari pikseli 250. Kwenye 3G kivinjari kinaleta mistari kama 13, yaani khanga 26, kabla mteja hajagusa chochote. Hizo ni karibu megabaiti 4. Umeokoa zaidi ya nusu, na si haba, lakini si ule uokoaji ambao mtu huuona akilini anapoibandika ile sifa.

Anayesema mambo haya yote ni kujisumbua ana hoja hapa. Picha ya megabaiti 4 iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu, ukiichelewesha, inabaki na megabaiti 4 zake. Ukurasa wenye picha tano hauhitaji ujanja wowote zaidi ya kuzipunguza na kuzihifadhi kwa muundo mwepesi wa picha kama WebP au AVIF. Nimekwisha kuona tovuti ya nyumba ya wageni yenye picha sita nzito na mtambo mzima wa kuzichelewesha. Kazi ya kuzipunguza ingechukua alasiri moja.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuichelewesha picha ambayo mtu amekuja kuiona. WordPress, mfumo wa kuundia tovuti, walilipitia hili hadharani. Mwezi Agosti 2020, toleo la 5.5 lilianza kuchelewesha picha zote kwa chaguo-msingi. Januari 2022, katika toleo la 5.9, wakarudi nyuma na kuiachia picha ya kwanza ya ukurasa ije bila kusubiri, kwa sababu kuichelewesha kulikuwa kunazifanya kurasa zionekane kwa kuchelewa. Sababu yake iko wazi. Picha isiyocheleweshwa huagizwa mara tu kivinjari kinapoikuta kwenye HTML. Iliyocheleweshwa inabidi ingoje kwanza ukurasa upangwe, kivinjari kijue iko wapi, ndipo iagizwe. Kwenye mtandao wa Chumbageni, hapa Tanga mjini, saa nne asubuhi hutaona tofauti. Kwa mtu aliye ndani ya basi linalopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, mtandao ukija na kukatika, kuwahi kuagiza ndiko kunakoamua kama ataiona khanga au ataona kisanduku cha kijivu.

Kisa kilichonifunza zaidi hakikuhusu kasi. Tuliacha kuandika upana na urefu wa picha kwenye HTML, kosa la uvivu ambalo ni letu wenyewe. Bila vipimo, kivinjari hakijui kitenge nafasi kiasi gani, hivyo kila picha inapofika, vyote vilivyo chini yake vinasukumwa. Mteja mmoja alitaka doti ya "Wema hauozi" ampelekee mkwewe. Kidole kikiwa njiani kugusa neno Agiza, picha ya juu ikafika, ukurasa ukashuka, na kilichokuja chini ya kidole kikawa kitufe cha khanga iliyotangulia, yenye maneno ya kumsema mtu. Mzigo ukapanda basi. Siku ya pili Mama akapigiwa simu: "Dada yangu, hii ndiyo nimpe mkwe wangu?" Wanaojua khanga wanajua uzito wa swali hilo. Ukitoa doti umetoa na neno lake, na neno likishatoka halirudi dukani. Mama akabadilisha na nauli akailipa yeye. Sisi tukaongeza vipimo viwili kwenye kila picha, na ukurasa ukatulia.

Tuje kwenye kurudia, yaani kuagiza upya picha iliyoshindwa kufika. Hapa ndipo kijana na mimi tunapoachana njia.

Yeye anasema hivi: mteja hajui kwamba picha imeshindwa njiani, anachoona ni duka lenye visanduku vitupu. Atadhani khanga zimekwisha, au tovuti ni mbovu, naye ataondoka. Kivinjari chenyewe hakirudii picha iliyoshindwa, basi ni wajibu wetu kuirudia mpaka ije. Nakiri kwamba kwa sehemu kubwa yuko sahihi. Kushindwa kwingi hutokea mwanzoni kabisa, kabla hata baiti moja ya picha haijafika: jina la tovuti halikupatikana, muunganisho haukukamilika. Kurudia hapo ni bei rahisi mno, na mara nyingi jaribio la pili linafaulu.

Pingamizi langu linahusu picha iliyofika nusu. Khanga ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina huandikwa sehemu ya chini ya mji. Picha ya kawaida ya JPEG huchorwa kutoka juu kwenda chini. Mtandao ukiganda kilobaiti 120 zikiwa zimefika kati ya 150, mteja anaona pindo la juu, anaona ua la katikati, ila jina, kitu anachokitafuta, ndicho kilichobaki njiani. Wala picha iliyoganda haitoi taarifa ya kosa. Kivinjari kinangoja tu, pengine kwa muda mrefu. Kijana anapendekeza: zikipita sekunde nane, kata, anza upya. Sawa, lakini zile kilobaiti 120 mteja amekwisha kuzilipia. Kuanza upya ni kumlipisha 270 kwa picha ya 150. Mbaya zaidi, wengi huongeza namba mwishoni mwa anwani ya picha ili kivinjari kiione kuwa ni picha mpya, na kwa kufanya hivyo hata kilichokwisha kuhifadhiwa kwenye simu hakitumiki tena.

Kuna na picha zisizostahili kurudiwa kabisa. Mama akifuta khanga iliyokwisha, picha yake haipo kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, na ukiirudia mara kumi haitapatikana. Tatizo ni kwamba picha ya kawaida kwenye HTML ikishindwa husema tu imeshindwa, haisemi kwa nini. Iliyofutwa, mtandao uliopotea na bando lililokwisha, zote zina sura moja. Unaweza kuzivuta picha kwa JavaScript ili ujue sababu na uhesabu baiti zilizofika, lakini ukifanya hivyo umebeba mwenyewe kazi ambayo kivinjari kilikuwa kikiifanya vizuri na mapema zaidi. Sikuona faida hiyo ikilingana na gharama yake kwa duka la khanga 64. Kwa gazeti lenye maelfu ya picha ningefikiri tofauti.

Halafu upo upande wa seva. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika na mtandao wa Afrika Mashariki ukayumba, Tanzania ikiwemo. Siku kama hiyo, ukurasa uliopangiwa kurudia kila picha mara tano unaweza kutuma maombi 320 kutoka simu moja. Mtandao unapoanza kurejea, simu zote zinabisha hodi kwa pamoja, na seva iliyokuwa inajikongoja inalala tena. Dawa yake inajulikana: kila jaribio lingoje mara mbili ya lililotangulia, sekunde 1, kisha 2, kisha 4, na kila simu iongeze kidogo muda wa kubahatisha ili zisigongane. Mtu akihamia programu nyingine, kurudia kusimame. Ukomo uwepo, na uwe mdogo.

Sasa, tutajuaje? Mwanzoni tulipima kwenye kompyuta ya ofisini na kila kitu kilikuwa kijani, yaani kizuri. Kipimo wanachokitaja wengi ni LCP, muda unaopita hadi kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kioo kionekane. Google wanasema kiwe sekunde 2.5 au chini yake kwa asilimia 75 ya wanaotembelea. Ni kipimo kizuri, ila kisome pamoja na mipaka yake. Robo iliyobaki inaruhusiwa kuteseka na ukurasa ukaitwa mzuri, na kwa duka la Tanga robo hiyo huenda ndiyo wale wa vijijini ambao hasa tovuti ilijengwa kwa ajili yao. Tena LCP huacha kuhesabu mara mtu anapogusa au kusogeza ukurasa. Maana yake khanga zote zilizo chini, zile tulizozichelewesha, zinaweza kukwama kuanzia ya kumi mpaka ya mwisho na kipimo kisibadilike hata kidogo. Duka dogo nalo halitajikuta kwenye takwimu za hadharani za Chrome, kwani tovuti yenye wageni wachache haiingizwi.

Basi tukaandika kipimo chetu: picha ilipoingia kwenye kioo, ilikuwa imekwisha kufika au mteja aliipita ikiwa tupu? Ilirudiwa mara ngapi? Taarifa inatumwa mara moja, mtu anapoondoka, kwa ujumbe mfupi. Hata hivyo kipimo hiki nacho kina upofu wake, na kinanisumbua. Mteja ambaye ukurasa haukumfungukia hatumi taarifa. Anayeondoka mtandao ukiwa umekatika hatumi pia. Wanaotufikia ni wale waliofanikiwa walau kidogo, hivyo hali halisi daima ni mbaya kuliko jedwali letu. Njia pekee niliyoipata ya kuziba pengo hilo ni kumwomba Mama awaulize wateja wanaopiga simu, naye anaandika majibu kwenye daftari la madeni, ukurasa wa nyuma.

Kupima nako ni kuchungulia. Waliotunga kanuni za HTML walilitambua mapema: picha inayoagizwa mtu anaposhuka inamwambia mwenye seva mtu huyo amefika wapi. Kwa sababu hiyo, aliyezima JavaScript hacheleweshewi picha. Zote zinakuja, asifuatiliwe kwa mlango wa nyuma. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, sioni duka la khanga linahitaji kujua nani alitazama khanga ipi usiku wa manane. Tunahifadhi idadi na sekunde, bila namba ya simu wala jina.

Kwa sasa ukurasa uko hivi. Khanga nne za juu haziko kwenye foleni, zinakuja mara moja, na zilizobaki zinasubiri. Picha ikitoa kosa inarudiwa mara moja baada ya sekunde kama mbili, na mara nyingine simu inapotangaza kwamba mtandao umerudi. Baada ya hapo panatokea maandishi "Gusa picha ije", na mteja mwenyewe anaamua kama bando lake linaruhusu. Iliyoganda katikati hatuikati. Chini ya kila khanga tumeandika jina lake kwa herufi za kawaida, baiti chache tu, zinazofika hata pale picha inaposhindwa kabisa. Hilo la mwisho alilitaka Mama. Alisema, "Mwanangu, dukani nikiulizwa khanga nalitaja jina kabla sijaikunjua," nasi tulikuwa tumeshughulika na picha wiki nzima bila kulifikiria.

Kijana bado anataka ile iliyoganda ikatwe baada ya sekunde nane. Tumekubaliana tujaribu njia yake kwa khanga 20 za mwisho, tuhesabu baiti zinazopotea, na daftari la Mama liwe wazi.